Mtungi wa Sikio Moja

Hebu nikuulize wewe unayenisikiliza: ukipewa mti mmoja tu wa kupanda uwani kwako, ukaambiwa uutakie jambo moja na usiongeze la pili, ungeutakia nini? Kuna watakaosema matunda. Kuna watakaosema kuni. Na wale wenye macho ya starehe watasema uzuri. Mimi nilitaka kivuli, basi. Ila nilikitaka kimoyomoyo, na ukitaka jambo kimoyomoyo hujui kama mwenzio amelisikia au hajalisikia. Unakaa tu unangoja.

Mume wangu mtaani wanamwita Kinyozi. Hajawahi kunyoa kichwa cha mtu hata siku moja. Alikuwa mtunza bustani wa hoteli, na kazi yake ilikuwa kunyoa miti, ile isiyopukutisha majani, iliyo kijani mwaka mzima. Aliikata na kuielekeza kwa waya mpaka ikawa mipira, ndege wenye mikia, matao ya kupigia picha maharusi. Fundi baiskeli, jirani yetu, hakuwahi kupita mlangoni bila kumchokoza.

"Kinyozi, na mimi nipitishie mkasi leo. Nataka mtindo wa tausi."

"Wewe kichwa chako hakina majani ya kutosha, ndugu yangu. Nenda kapande kwanza."

Tulipohamia nyumba hii nilikuwa bado bibi harusi wa juzi, hata sauti yangu mwenyewe nilikuwa naionea haya. Jioni moja alirudi kazini amebeba mche wa mvinje kwenye mkebe wa maziwa, majani yake membamba kama nyuzi. Akaniuliza, "Tuupande wapi?" Nikatazama uwani. Mlango wa jikoni unatokea upande ambao jua likiingia asubuhi haliondoki mpaka jioni, na pale ndipo nilipoweka kigoda changu, ndipo nilipofulia, ndipo nilipochambulia mchele na kumenyea viazi. Nikanyoosha kidole kando ya kigoda. "Pale," nikasema. Neno moja. Nilidhani linatosha, maana mtu mwenye akili zake akioneshwa kigoda kilichokaa juani, anajua.

Akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja. "Pazuri," akasema. "Panaonekana kutoka pande zote."

Basi ule mti haukuachwa hata siku moja uwe mti. Ulipofika magotini akaufanya mpira. Ulipofika kiunoni akaufanya sahani tatu zilizopandana. Sahani zikamchosha, akaufanya mtungi, wenye tumbo nene na shingo nyembamba, na mtungi ndio aliotulia nao. Halafu akautafutia masikio, yale ya kuushikia. Alichagua matawi mawili, moja kila upande, akayakunja polepole juu ya pete za waya mnene, akayafunga kwa vitambaa nilivyomchania kutoka kwenye shuka kuukuu, kwa sababu kamba hula gome. Tawi likinenepa, analegeza. Chipukizi likitoka nje ya mstari, anakata. Kitinda mimba wetu alikuwa bado ananyonya masikio yalipofungwa, na yalipokuja kukutana na shingo na kushikana kijani kitupu, alikuwa anakwenda shule mwenyewe na mkoba wake mgongoni.

Na mimi? Mimi nilikuwa na kivuli cha mtungi. Sijui kama umewahi kukalia kivuli cha mtungi. Shingoni chembamba, tumboni kinene, na kikisogea lazima usogee nacho. Kichwa kikipata, miguu inaungua. Kutwa nzima nilikuwa nauzunguka mti na kigoda changu kama mshale wa saa. Wageni walikuja kuupiga picha. "Mama, una bahati," wananiambia, nami nimejifunika kitambaa cha jikoni kichwani, jasho linanitiririka mpaka kidevuni.

Usifikiri alikuwa mtu mbaya. Hakuwahi kuniinulia sauti. Akila, husema asante. Ila macho yake yalikuwa ya kutazama umbo, na umbo langu mimi alishalizoea.

Halafu kiharusi kikampiga. Aliinama kufunga kamba za viatu, hakuinuka. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vikalala. Kliniki walitufundisha kumnyoosha vidole na kumgeuza asipate vidonda, wakatupatia kiti cha magurudumu, wakatuambia tushukuru kwamba maneno yake hayakupotea. Tukashukuru. Kila asubuhi nikawa namweka mlangoni pa jikoni, ameuelekea mtungi wake.

Kulikuwa na mambo madogo madogo. Akila, anamaliza nusu ya sahani, nusu nyingine anaiacha kama ilivyo, mstari umenyooka katikati kama mpaka wa shamba.

"Umeshiba?" namwuliza.

"Nishibe nini? Chakula kimekwisha, hujaniongeza."

Nikagundua kwamba nikiizungusha sahani, anaanza upya na kumaliza. Basi nikawa naizungusha. Ukiishi na mgonjwa unajifunza vijinjia vyake, huulizi kila kimoja kimetoka wapi.

Mvua zilipopita, mtungi ukaanza kuota nywele. Akawa hana raha, mguu wake mzima unatikisika kutwa.

"Mama watoto," akaniita, "chukua mkasi."

"Mkasi upi?"

"Ule mkubwa wa kushika kwa mikono miwili. Leo unaajiriwa."

"Mimi? Nitakuharibia."

"Hutaharibu. Wewe utakuwa mkono, mimi nitakuwa jicho. Aliye karibu na mti haoni umbo, anaona majani tu. Ndiyo maana nilikuwa nashuka ngazi kila mara, niutazame kwa mbali. Sasa niko mbali siku zote." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Sharti langu ni moja. Mkono haubishani na jicho. Nisipokuonesha, usikate."

Akanipa na onyo la kazi yenyewe. Majani ya mti huu, alisema, ni koti tu, yako nje. Ndani ni giza na vijiti vikavu. Ukilinyoa koti, linaota tena. Ukilipita ukaingia kwenye vijiti, pale hapachipui tena maisha. "Ukiona kahawia, simama."

Nikapanda juu ya kigoda, nikaanza.

"Kulia. Hapo pametuna. Chini kidogo. Hapo hapo, taratibu, usiung'ate, unyoe."

Vipande vya majani vilikuwa vinaniingia kifuani vinaniwasha, lakini sijui nikwambieje, nilikuwa na furaha. Katika ndoa yetu nzima hakuna siku aliyonitazama kwa muda mrefu vile. Alikuwa anautazama mkasi, najua. Lakini mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

Nilipomaliza upande wa kulia, nikahamisha kigoda kwenda kushoto. "Na huku?"

"Huku wapi?"

"Huku, upande wa pili." Nikaupunga mkasi.

Akatazama, akakunja uso. "Huko hakuna cha kukata," akasema. "Shuka upumzike."

Nikashuka. Na kila tulipokata ikawa hivyohivyo. Kulia, kulia, kulia. Kushoto hakuna cha kukata. Nami sikukata, maana sijaoneshwa. Upande ule ukaota upendavyo. Ukatoa matawi marefu laini, ukavimba, ukainama mpaka juu ya mahali pa kigoda changu. Siku moja nilikuwa namenya viazi, nikahisi kuna kitu kimebadilika na sijui ni nini. Nikatazama chini. Miguu yangu ilikuwa kivulini. Miguu, magoti, beseni la viazi, vyote.

Nilibaki na kiazi mkononi, machozi yakanitoka, na yalikuwa matamu. Ameelewa, nikajiambia. Amekaa pale mlangoni kutwa, ameniona ninavyohangaika na kigoda, hatimaye ameelewa. Naye si mtu wa kusema. Ameninyamazia, ameniachia upande mmoja. Na zawadi ya namna ile huiulizi, unamtia mtu aibu. Nikanyamaza na mimi. Nikawa nachagua viazi vizuri vizuri vya kumpikia, nikawa najipaka mafuta asubuhi kabla ya kwenda kukaa pale, mtu mzima kama mimi.

Kwa hiyo hata alipotoa amri ya sikio, niliichukulia kwa macho hayohayo.

"Huu mtungi," akasema asubuhi moja, "mbona una sikio moja?"

Nikautazama. Sikio la kushoto lilikuwa limezama ndani ya kichaka, ila lilikuwepo. Nikatabasamu. Nikadhani ananitania, kwamba upande ule sasa si mtungi tena, ni wangu.

"Moja, ndiyo," nikasema.

"Sikio moja ni birika, si mtungi. Liondoe hilo. Tuufanye mtungi mtupu."

"Sikio lako lile? Ulilolilea kwa waya?"

"Mkono," akaniita, kwa ukali wa kutania.

Nikaenda kuchukua msumeno, maana mkasi haukuliweza lile sikio la kulia. Lilipoanguka, pete ya waya ilitoka nalo, imeshika kutu, na kitambaa kimoja cha lile shuka bado kimefungwa, fundo lake lilelile. Nikakiweka mfukoni.

Na hapo ndipo kazi ilipoharibika. Alitaka tumbo la mtungi lilingane, akawa anautafuta mlingano asiupate. "Punguza hapo kulia. Bado. Punguza." Nikaona kahawia, nikasimama.

"Mzee, naona kahawia."

"Ni kivuli hicho. Punguza."

Mkono haubishani na jicho. Nikapunguza. Koti likachanika, nikauona mti wenyewe ndani: vijiti vya kijivu, utando wa buibui, kiota kikavu cha ndege waliohama zamani. Nikajitoa pembeni ili aone. Akaona. Upande huo alikuwa anauona vizuri sana.

"Umeingia kwenye kuni," akasema.

"Wewe ndiye uliye..."

"Najua nilichokuambia."

Tukajaribu kuvuta tawi lililo kando yake liufunike ule uwazi. Nililifunga kama alivyonielekeza, likakauka. Nikaweka samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Akawa anakaa pale ameukodolea macho, anangoja nukta moja ya kijani, na nukta haikuja. Akaacha kumjibu fundi baiskeli. "Kinyozi, leo kuna nafasi?" Mwishowe yule fundi naye akaacha kumchokoza, akawa anapita ameinamisha kichwa kama anayepita msibani, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nikiizungusha sahani, ananiambia niiondoe. Nilikuwa namsikia akijisemea, "Umbo rahisi kama lile. Mtungi. Mtoto angeweza." Nami namwambia, "Utapona, tutaanza upya," na wote wawili tunajua pale hapaanzwi upya.

Ndipo akaja kitinda mimba wetu, binti ambaye ni mshonaji nguo na anaishi mbali. Huyo alizaliwa na mdomo. Hajatua mfuko wake.

"Mama! Nani kaunyoa mti wenu nusu kichwa?" Akamgeukia baba yake, akashika kiuno. "Na wewe baba! Kinyozi mzima unajinyoa ndevu upande mmoja? Umeishiwa wembe?"

Alikuwa anajinyoa mwenyewe kwa mkono wake mzima, anaacha shavu la kushoto, na mimi hummalizia. Siku hiyo nilikuwa sijammalizia.

"Nimenyoa zote," baba yake akasema.

"Zote za upande wa nani?"

"Zote, nakwambia."

Binti akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanitazama. Nikamsimulia habari ya sahani, nikiisimulia kama kichekesho cha nyumbani. Hakucheka. Akavua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akaunyoosha mbele ya baba yake, ncha moja mkono huu, ncha nyingine mkono huu.

"Baba, nishikie katikati."

"Unanipimia suti ya kuzikwa?"

"Shika tu, baba yangu."

Akaleta mkono, akashika. Alishika kulia kabisa, karibu aguse vidole vya binti yake. Na akasema, kwa uhakika wa mtu aliyenyoosha mistari maisha yake yote, "Hapa."

Binti akaukunja utepe taratibu. Akanivuta mpaka ndani ya jikoni.

"Mama, baba haoni kushoto."

"Anaona. Jana kaniambia kuna nzi dirishani."

"Dirisha liko kulia kwake. Nina mteja mmoja, kiharusi kilimwachia hali hiyohiyo. Nikimvalisha gauni anaingiza mkono mmoja, anasema tayari limekaa. Macho ni mazima. Ila kushoto kote kumefutika kichwani mwake, na yeye hajui kwamba kumefutika. Hukuliona hilo kwenye sahani?"

Nilikuwa nimeliona kwenye sahani. Nilikuwa naizungusha kila siku kwa mikono yangu hii, na sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba mti nao ni sahani.

"Usimwambie," nikasema.

"Mama, anajilaumu anakufa pale mlangoni. Lazima ajue ni ugonjwa."

Akatoka. Akashika kiti, akakisukuma uwani, magurudumu yakipanda na kushuka kwenye mawe, akamzungusha baba yake mpaka nyuma ya mti. Ukisimama nyuma, kushoto kwa mtungi kunakuwa kulia kwako. Kichaka chote kikawa mbele ya jicho lake linaloona. Matawi marefu yalikuwa yanacheza kwa upepo, na chini yake kigoda changu na beseni la viazi, nilivyoviacha.

Akayatazama yale matawi.

"Huu mti wa nani?" akauliza.

"Ni huohuo, baba," binti akasema, mdomo wake wote umekwisha. "Ni upande wa pili wa mtungi. Hukuwa unauona." Akaingiza mikono kwenye majani, akayagawa kama mtu anayegawa nywele. Ndani mle lilikuwemo sikio, zima, kijani, limejikunja kwenye pete yake ya waya bila kasoro.

Mume wangu akanyoosha mkono wake mmoja, akalishika. Alilizunguka kwa vidole, juu mpaka chini, mahali alipolegeza, mahali alipokaza.

"Yalikuwa mawili," akasema. "Nilikuwa nayo yote mawili."

Nilikuwa nimesimama pembeni, na nilikuwa namwonea huruma. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonishuka polepole kama maji ya baridi mgongoni. Hakuniachia. Hakuwahi kuniachia kitu. Mahali pale nilipokuwa nakaa asubuhi nimejipaka mafuta, nikimwona mume wangu ni mtu aliyenielewa mwishoni, palikuwa ni mahali ambapo yeye alikuwa haoni. Na aliyekaa pale, hakumwona vilevile.

"Ukatwe," akasema.

"Baba, usiseme hivyo."

"Ukatwe. Nusu kuni, nusu kichaka. Hata jina hauna." Akageuza kichwa, akanitafuta. Ilibidi nihamie kulia kwake ili anione. Uso wake ulikuwa na ndevu upande mmoja, na sikuwahi kumwona mzee namna ile.

"Mama watoto. Wewe ulikuwa unauona upande huu."

"Nilikuwa nauona."

"Kila siku."

"Kila siku."

"Ungeniambia mara moja tu. Mara moja. Ungesema, mzee, kushoto kumeota, mbona hunioneshi huko nikate? Ningejua nimeharibika. Nisingelikata sikio. Kwa nini ulinyamaza? Ulikuwa unataka nini?"

Hakuwa ananigombeza. Alikuwa anauliza kweli. Tangu aje na ule mkebe wa maziwa, hilo ndilo swali ambalo hakuwahi kuniuliza. Binti yetu alikuwa bado ameyashikilia yale majani, hajui ayaachie au aendelee kuyashika. Jua lilikuwa limeshuka upande wa nyuma, na kivuli kilikuwa kimelala pale pale, juu ya kigoda, juu ya beseni, na hakuna aliyekikalia.

Nikapeleka mkono mfukoni, nikakishika kile kitambaa cha shuka.

"Nilitaka kivuli," nikasema. "Siku ile ulipoleta mche, uliniuliza tuupande wapi, nikakuonesha kigoda. Nilitaka kivuli cha kukalia, baba watoto. Nilidhani umeniachia."